Saratani ya mapafu ikiwahiwa: Kabla hujauza kiwanja, uliza maswali haya

Leo nazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikuta ghafla na kulazimika kuliamua ndani ya siku chache. Ndugu yenu ameambiwa ana saratani ya mapafu. Habari njema ni kwamba imegunduliwa mapema na inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Linabaki swali: upasuaji upi?

Miezi kadhaa iliyopita alikuja kliniki mama mmoja wa miaka 61, mwalimu mstaafu, akiwa na mwanawe wa kiume. Hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Alikuwa ameanguka na bodaboda, akaumia ubavu, akapigwa picha ya kifua. Picha haikuonyesha mbavu iliyovunjika, ila ilionyesha doa. Kipimo cha CT-Scan kikasema doa lile lina sentimita 1.8 na liko pembeni, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kikachukuliwa kinyama, majibu yakarudi: saratani.

Yule kijana alinipa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshaweka faili mezani.

"Dokta, tumesikia nje ya nchi kuna upasuaji wa roboti, mgonjwa anatobolewa vitundu tu. Hapa wanataka kumpasua mama kifua. Tuna kiwanja, mnunuzi keshapatikana, anataka jibu Jumatatu. Wewe tuambie tu, tuuze?"

Mama yake alikuwa kimya. Baadaye akasema taratibu, "Mimi mwanangu nilitaka kujua kama nitapona. Habari ya kiwanja ni ya kwake."

Yalikuwa maswali mawili tofauti, na la mama ndilo lililostahili kujibiwa kwanza. Ninaandika makala haya kwa sababu kila nikikutana na familia ya namna hii naona kosa lile lile: watu hupima ubora wa upasuaji kwa ukubwa wa kidonda cha nje. Kidonda cha nje kina umuhimu wake, nitaueleza. Lakini kinachoamua kama mgonjwa atapona kiko ndani.

Hatua ya kwanza ni ipi?

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, si wa upasuaji. Kazi yangu ni kumgundua mgonjwa, kumwandaa na kumpeleka kwa wenzangu wanaoshika kisu. Kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu.

Saratani ya mapafu ina makundi mawili makubwa. Kuna ya seli ndogo, ambayo husambaa haraka na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na mionzi. Kuna nyingine, ambayo ndiyo inayowapata wagonjwa wengi zaidi, na hii ikiwahiwa huweza kukatwa na kuondolewa. Tunapozungumzia upasuaji, tunazungumzia hii ya pili.

Tukisema iko hatua ya kwanza tunamaanisha uvimbe hauzidi sentimita nne, na saratani haijafika kwenye tezi za limfu wala kiungo kingine. Kwa takwimu za kimataifa zinazotumiwa kupanga hatua za ugonjwa huu, wagonjwa wenye uvimbe usiozidi sentimita moja, 92 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Uvimbe wa kati ya sentimita moja na mbili, ni 83. Wa kati ya mbili na tatu, ni 77. Ugonjwa ukishasambaa hadi viungo vya mbali, wanaofika miaka mitano hawazidi 10 kati ya 100.

Zisome tena namba hizo. Hakuna roboti wala kisu kinachoweza kuleta tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya kugundulika na sentimita 1.8 na kugundulika saratani imeshafika kwenye ini. Nitalirudia jambo hili mwishoni, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Swali la kwanza: unaingia kwa njia ipi?

Ili kufika kwenye pafu kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kufungua kifua. Mgonjwa hulazwa nusu kaputi kwa ubavu, daktari anakata kuanzia chini ya kwapa kuelekea mgongoni, kisha anatanua nafasi kati ya mbavu mbili kwa chombo cha chuma. Njia hii inampa daktari nafasi ya kuona na kushika pafu kwa mkono wake. Ubaya wake ni maumivu. Mbavu zinapotanuliwa, mishipa ya fahamu inayopita chini yake hubanwa, na baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu ya ubavuni kwa miezi, wengine kwa miaka.

Ya pili ni upasuaji wa matundu kwa kamera. Daktari anatoboa tundu moja hadi manne, anapitisha kamera nyembamba na vifaa virefu, naye anafanya kazi huku akitazama luninga. Tundu moja huachwa kubwa kidogo ili kipande cha pafu kitolewe kikiwa ndani ya mfuko maalumu. Mbavu hazitanuliwi. Watu wengi hudhani huu ni uvumbuzi wa juzi, lakini kuingiza kamera kifuani kulianza mwaka 1910, pale Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alipotumia bomba lenye taa kutazama ndani ya kifua. Baadaye alilitumia kukata nyuzi zilizogandisha mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kuondoa sehemu kubwa ya pafu kwa kamera ndiko kulikoanza miaka ya 1990.

Ya tatu ni roboti. Hapa nisahihishe jambo: roboti haimpasui mtu peke yake. Daktari ameketi pembeni, anaendesha mikono ya mashine kwa mikono yake mwenyewe, na mashine inamwonyesha picha yenye kina na kumwezesha kugeuza vifaa kwenye nafasi finyu. Kwa mgonjwa, roboti ni ndugu wa upasuaji wa kamera: matundu, mbavu hazitanuliwi, isipokuwa gharama yake ni kubwa zaidi.

Je, ipi bora? Uingereza walifanya utafiti mzuri kwenye hospitali tisa, wagonjwa 503, uliochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walifunguliwa kifua, nusu walifanyiwa kwa kamera. Wiki tano baadaye, waliofanyiwa kwa kamera walikuwa na nguvu zaidi katika shughuli zao za kila siku. Walikaa hospitali siku nne, wenzao tano. Walipata matatizo machache zaidi. Lakini linapokuja suala la kuondoa saratani yote na kukagua tezi, njia zote mbili zilikuwa sawa.

Kwa hiyo kama hospitali unayotibiwa ina daktari mzoefu wa upasuaji wa kamera, na uvimbe wako unafikika kwa njia hiyo, ichague bila wasiwasi. Utaumwa kidogo, utarudi nyumbani mapema. Lakini ukiambiwa utafunguliwa kifua, usidhani umepewa tiba ya daraja la chini. Na kuhusu roboti, hakuna ushahidi thabiti kwamba mgonjwa wa hatua ya kwanza anaishi muda mrefu zaidi kwa kufanyiwa kwa mashine hiyo kuliko kwa kamera ya kawaida.

Jambo moja la kukumbuka: wakati mwingine daktari huanza kwa kamera, akakuta damu inatoka au pafu limegandana na ukuta wa kifua, akaamua kufungua. Hapa kwetu, ambako watu wengi wamewahi kuugua kifua kikuu, pafu kugandana si jambo geni. Daktari anayefungua kifua kwa wakati unaofaa ameokoa maisha, hajashindwa kazi. Muulize mapema, ili ukizinduka ukakuta mshono mrefu usifikiri umedanganywa.

Swali la pili: unaondoa kiasi gani cha pafu?

Swali hili karibu hakuna familia inayoniuliza, ilhali ndilo lililowafanya madaktari wabishane kwa karibu miaka 90.

Pafu la kulia lina sehemu kubwa tatu, la kushoto mbili. Sehemu hizi huitwa lobu. Kila lobu nayo imegawanyika katika vipande vidogo, segimenti, ambavyo kila kimoja kina mrija wake wa hewa na mshipa wake wa damu. Fikiria chungwa: ukilimenya unakuta vipande, na unaweza kutoa kimoja bila kupasua vingine.

Aprili 1933, huko St. Louis nchini Marekani, Dk. Evarts Graham aliondoa pafu zima la daktari mwenzake aliyekuwa na saratani. Mgonjwa yule alipona na kuishi karibu miaka 30 zaidi. Kwa muda, kuondoa pafu lote ndiyo ikawa tiba. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950 yeye na Ernst Wynder walichapisha utafiti ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1957 akafariki kwa saratani hiyo hiyo. Mgonjwa wake akabaki hai baada yake.

Baadaye madaktari waliona kwamba kuondoa lobu moja tu kunatosha kwa wengi, na mgonjwa anabaki na pumzi. Wakajiuliza tena: kwa uvimbe mdogo, kwa nini tusitoe segimenti tu, au kipande chenye umbo la kabari? Mwaka 1995 utafiti wa wagonjwa 247 ukawazuia: waliotolewa kipande kidogo, saratani iliwarudia pale pale kifuani mara tatu zaidi ya waliotolewa lobu nzima. Kwa zaidi ya miaka 25 baada ya hapo, jibu likawa moja: lobu.

Lakini wagonjwa wa utafiti ule waliandikishwa miaka ya 1980, kabla CT-Scan haijawa kipimo cha kila siku, na wengine walikuwa na uvimbe wa hadi sentimita tatu. Leo tunawapata wagonjwa wenye uvimbe mdogo kuliko wa zamani. Ndipo Japani wakauliza upya. Wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita mbili, ulio pembeni mwa pafu, waligawanywa: lobu au segimenti. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Baada ya miaka mitano, waliotolewa segimenti 94.3 kati ya 100 walikuwa hai; waliotolewa lobu 91.1.

Usikimbilie kushangilia, kwa sababu kuna upande wa pili. Saratani kurudi kifuani ilitokea kwa 10.5 kati ya 100 waliotolewa segimenti, na 5.4 tu kwa waliotolewa lobu. Ilikuwaje basi hao wa kwanza wakaishi zaidi? Inaonekana waliotolewa lobu walikufa zaidi kwa maradhi mengine, zikiwamo saratani nyingine. Mtu aliyebakiwa na pafu kubwa zaidi ana akiba: akipata ugonjwa mwingine, au saratani mpya miaka saba baadaye, bado ana kifua cha kuhimili matibabu.

Mwaka uliofuata, 2023, utafiti mwingine wa wagonjwa 697 wa Marekani, Kanada na Australia ulifikia hitimisho linalofanana: kwa uvimbe usiozidi sentimita mbili, kutoa sehemu ndogo hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kutoa lobu. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa 80.3 kwa 100 upande mmoja na 78.9 upande wa pili. Humo wengi wa waliotolewa kipande kidogo walifanyiwa ule mkato wa kabari, ambao ni rahisi zaidi.

Lakini tafiti zote hizi zina masharti. Uvimbe usizidi sentimita mbili. Uwe pembeni, si karibu na shina la pafu. Tezi ziwe safi. Daktari aache ukingo wa kutosha wa nyama isiyo na saratani. Sharti moja likikosekana, lobu inabaki kuwa chaguo salama zaidi.

Tezi ambazo hakuna anayeziuliza

Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, kumbuka tezi za limfu. Saratani inapotoka kwenye uvimbe, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi zilizo kwenye shina la pafu na katikati ya kifua. CT-Scan inaweza kuonyesha tezi ndogo, nzuri, kumbe ndani yake zimo seli za saratani.

Kwa sababu hiyo upasuaji wowote unaostahili kuitwa upasuaji wa saratani ya mapafu, uwe wa kisu, kamera au roboti, ni lazima utoe tezi za maeneo kadhaa na kuzipeleka maabara. Katika ule utafiti wa Marekani, mgonjwa hakuingizwa kwenye kundi lolote mpaka tezi zake zipimwe akiwa bado mezani na zionekane safi. Kufanya hivyo kunahitaji mtaalamu wa patholojia aliye tayari kusoma kinyama ndani ya dakika chache, mgonjwa akiwa amelala.

Tezi zikikutwa na saratani, mgonjwa si wa hatua ya kwanza tena. Atahitaji dawa. Asipopimwa tezi, ataambiwa amepona, atashona nguo ya shukrani, na mwaka unaofuata atarudi akiwa hana sauti. Mtu wa namna hiyo nimemhudumia. Kidonda chake cha nje kilikuwa kidogo na kizuri ajabu.

Asiyeweza kupasuliwa

Si kila mwenye uvimbe mdogo anafaa kwa upasuaji. Wako wenye moyo dhaifu, wako ambao mapafu yao yameharibiwa na sigara au makovu ya kifua kikuu. Kabla ya upasuaji mgonjwa hupimwa nguvu ya pumzi kwa kupuliza kwenye mashine, hupimwa moyo, sukari na shinikizo la damu. Mimi huwa naongeza kipimo kisicho na gharama: napanda naye ngazi. Anayefika ghorofa ya pili akiwa bado anapiga soga ananipa matumaini.

Kwa asiyeweza, ipo tibamionzi ya kulenga uvimbe kwa usahihi mkubwa, ambayo hutolewa kwa dozi kubwa na kwa siku chache. Kwa hiyo kuambiwa "hufai kupasuliwa" hakumaanishi "nenda nyumbani ukasubiri". Uliza kuhusu mionzi.

Na kama unavuta sigara, acha leo, hata kama upasuaji ni wiki ijayo. Kila siku bila moshi inapunguza makohozi na kusaidia kidonda kupona.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Mpendwa msomaji, kata sehemu hii ya gazeti uitunze. Siku ukihitaji, muulize daktari wako haya:

1. Saratani ni ya aina gani, na uvimbe una sentimita ngapi?
2. Uko pembeni au katikati ya pafu? Tezi zinaonekanaje kwenye CT-Scan?
3. Mtatoa lobu, segimenti au kabari, na kwa nini kwangu mimi?
4. Mtatoa tezi za maeneo mangapi, na nani atazisoma?
5. Daktari atakayenifanyia amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Hufanya kila mwezi, au mara moja kwa mwaka?
6. Mtatuliza vipi maumivu baada ya upasuaji, na nani atanifundisha mazoezi ya kupumua?
7. Kesi yangu imejadiliwa na madaktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi na wa picha wakiwa pamoja?

Usiogope kuuliza swali la tano. Daktari mzuri hakasiriki. Angalia pia la sita: wagonjwa wengi wanaopata shida baada ya upasuaji wa kifua huzipata wodini. Ameogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, makohozi yanakusanyika, anapata nimonia. Muuguzi anayejua kuangalia mpira uliotoka kifuani kwenda kwenye chupa, na mtaalamu wa mazoezi anayemwamsha mgonjwa siku ya pili, wanaokoa maisha sawa na aliyeshika kisu.

Tatizo letu liko kabla ya mlango wa chumba cha upasuaji

Sasa niseme lile linaloniuma. Yule mwalimu aligundulika kwa bahati ya ajali. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu ninaowaona hawafiki na sentimita 1.8. Wanafika wakiwa wamekonda, wanatema damu, wana maji kifuani, na mkononi wana kadi ya kifua kikuu.

Dalili zinafanana: kikohozi cha muda mrefu, damu kwenye makohozi, kupungua uzito, maumivu ya kifua. Na kwa kuwa kifua kikuu kwetu ni kingi, ni haki kukifikiria kwanza. Kosa ni kukifikiria kwanza, pili na tatu. Mgonjwa anapimwa makohozi, hakuna wadudu, anaanzishiwa dawa kwa kuangalia picha tu. Miezi sita inakwisha, doa liko pale pale, pengine limekua. Anaambiwa "kifua kikuu sugu", anaanza tena. Katika muda huo saratani ya hatua ya kwanza imekwenda hadi ya nne.

Nakiri kwamba nami nimewahi kufanya kosa hilo. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwongezea dawa za kifua kikuu mzee mmoja fundi seremala, mara ya pili, bila kumtafutia CT-Scan. Nilijiambia ni ghali kwake. Alipokuja kupigwa kipimo, hakukuwa na cha kukata. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ningekuja kwako mapema ingesaidia?" Ukweli ni kwamba alikuja mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtu mzima anayetumia dawa za kifua kikuu ambaye makohozi yake hayakuwahi kuonyesha wadudu, na ambaye baada ya miezi miwili hana nafuu, apelekwe CT-Scan, na bima imlipie. Doa lisiloeleweka lichukuliwe kinyama badala ya kukisiwa. Hii haihitaji sheria mpya. Inahitaji mwongozo uliobandikwa ukutani katika kila kliniki, na daktari anayeufuata.

Pili, fedha zetu za vifaa. Kila tunaposikia hospitali imepata mashine mpya tunapiga makofi, na mimi hupiga. Lakini upasuaji wa kifua ni kazi ya timu: daktari wa usingizi anayejua kulaza pafu moja huku lingine likipumua, wauguzi waliofunzwa, maabara ya patholojia inayotoa majibu kwa wakati, chumba cha uangalizi maalumu. Timu hiyo ikiwapo, kamera itazaa matunda. Isipokuwapo, hata roboti itafunikwa shuka ivumbike. Tuanze na watu.

Tatu, wagonjwa hawa wakusanywe kwenye hospitali chache zenye uzoefu badala ya kila hospitali kujaribu bahati yake mara moja kwa mwaka.

Kiwanja

Utapenda kujua yaliyompata mwalimu wetu. Niliwapeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kifua hapa hapa nchini. Akawaeleza wazi kwamba uvimbe wa mama ungeweza kufaa kwa segimenti, lakini hospitalini kwake hakuwa na uhakika wa kupata majibu ya tezi mgonjwa akiwa mezani, na kwa hiyo chaguo salama kwake ni kutoa lobu ya juu, kwa kufungua kifua kwa mkato mfupi, na kutoa tezi zote zinazostahili. Mapafu ya mama yalikuwa na nguvu ya kutosha kuhimili.

Alilazwa siku nane. Tezi zote zilirudi safi. Je, angekuwa Japani angebaki na sehemu kubwa zaidi ya pafu? Huenda. Je, angekuwa na kidonda kidogo? Bila shaka. Bado usiku wa baridi ubavu humsumbua, na hupanda ngazi kwa kupumzika mara moja. Lakini saratani imeondolewa, na kila baada ya miezi sita anarudi kupigwa CT-Scan.

Kiwanja hakikuuzwa. Mara ya mwisho alipokuja nilimuuliza mwanawe atakifanyia nini. Akacheka, akasema mama keshapanda mihogo.

Msomaji wangu, ukiwa na kikohozi kinachozidi wiki mbili, usikizoee. Ukiwa na picha ya kifua yenye doa, usiiweke kabatini. Na ukiambiwa upasuaji, usianze kwa kuuliza roboti iko wapi. Anza kwa kuuliza sentimita, tezi na mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.